Kutunza bromelia ndani ya nyumba, kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi

Kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Ligula huuliza kama lile ua jekundu lililosimama pembeni ya dirisha ni la plastiki. Akiligusa na kukuta ni la kweli, maswali yanayofuata nimeshayazoea. Linamwagiwa mara ngapi? Hayo maji katikati hayataliozesha? Mbona langu lilichanua vizuri halafu likafa? Wengine wamelinunua Dar, wamelipakata kwenye basi zaidi ya kilomita 500 hadi huku Kusini, na baada ya miezi minne wananiletea kopo lenye kisiki kilichooza. Nimeamua kuyaandika majibu yote pamoja ili anayeanza asirudie makosa ambayo wengine tumeshayalipia.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine. Bromelia ni ndugu wa nanasi, ila nyingi ya hizi za kupamba nyumba huishi juu ya matawi ya miti katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Haikuzoea udongo. Majani yake yamepangana katikati yakafanya kikombe, mvua inajaa humo, na mmea unanyonya maji kupitia majani yenyewe. Kazi kubwa ya mizizi ni kushikilia mti. Ukilielewa hilo, karibu kila kitu ninachokuambia hapa chini utaona sababu yake.

Ijue uliyo nayo

Guzmania ndiyo inayopatikana zaidi: majani laini ya kijani yanayong'aa, hayana miiba, na shada lake huwa jekundu, la njano au la chungwa. Aechmea ina majani mapana magumu yenye unga mweupe kama fedha, miiba midogo pembeni, na shada la waridi. Usiufute ule unga, ni sehemu ya jani. Neoregelia ni fupi, imetandaza majani, na inapotaka kuchanua majani ya katikati hugeuka mekundu. Vriesea utaitambua kwa shada bapa kama upanga.

Ile rangi unayoipenda ni ya majani yanayozunguka maua. Maua halisi ni madogo, yanachungulia siku chache kisha yanakauka. Rangi yenyewe hudumu miezi, mara nyingi mitatu au zaidi.

Vitu vya kuandaa

- Kopo au chungu chenye matundu chini, upana wa sentimita 12 hadi 15. Kikubwa zaidi ya hapo kinahifadhi maji yasiyotakiwa.
- Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, pamoja na usumba wake.
- Mkaa wa kupikia ambao haujawashwa, uliopondwa vipande vya ukubwa wa harage.
- Mboji, au majani ya mwembe yaliyooza vizuri.
- Maji ya mvua na chombo cha plastiki cha kuyahifadhi.
- Kisu kikali, spiriti na bakuli jeupe. Kazi ya bakuli utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 1: Chagua mche na usafiri nao vizuri

Chukua ambao shada lake ndiyo kwanza linaanza kutoa rangi, maana lililokwisha kufunguka lote limeshakula nusu ya muda wake. Shika mmea kwenye kitako uutikise kidogo. Ukicheza kama jino bovu, uache. Kisha inama unuse kikombe. Harufu ya kuvunda maana yake moyo, yaani majani machanga ya katikati, umeshaanza kuoza, na hata ukipunguziwa bei, hapo hakuna mche.

Kwenye safari, mwaga maji ya kikombeni, yakusanye majani kwa juu na uyafunge na gazeti, kisha uweke kwenye boksi ukae nalo miguuni. Usikubali liingizwe kwenye buti la basi. Joto la humo mchana mzima linaunguza majani, na mizigo italivunja shina. Ukifika nyumbani lijaze maji siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Andaa makumbi

Hapa sisi wa pwani ya Kusini tuna bahati, kwa sababu makumbi tunayo bure. Lakini makumbi mabichi yana chumvi. Yaloweke kwenye ndoo usiku kucha, mwaga yale maji ya kahawia, rudia mara tatu au mpaka maji yatoke karibu meupe. Na yale yaliyokuwa yamefukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba usiyaguse kabisa. Yamekunywa maji ya bahari kwa miezi, na hayo hayatoki kwa kuosha ndoo mbili.

Kuna anayeona magunia ya maganda ya korosho yamerundikana akafikiri atayatumia badala ya makumbi. Hapana. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yale yanayochubua vidole vya akina mama wanaobangua. Usiyaweke karibu na mizizi.

Changanya makumbi sehemu mbili, mkaa sehemu moja, mboji sehemu moja. Jaribu hivi: jaza kopo, mimina glasi moja ya maji. Yapite chini papo hapo. Yakituama juu hata kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ongeza mkaa na makumbi makubwa.

Hatua ya 3: Panda

Weka vigae au vipande vikubwa vya mkaa chini ya kopo. Simamisha mche, zungushia mchanganyiko, na uishie pale mizizi inapoanzia. Majani ya chini yasifukiwe hata kidogo, yakifukiwa yanaoza na uozo unaingia ndani. Mizizi ni michache kwa hiyo mche utayumba. Ufunge kwa kitambaa kwenye vijiti viwili mpaka ujishikize, kama mwezi na nusu hivi. Usishindilie.

Hatua ya 4: Itafutie mahali

Inataka mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Ukiweza kusoma gazeti saa nane mchana bila kuwasha taa, mwanga unatosha Guzmania na Vriesea. Aechmea na Neoregelia zinataka zaidi, zisogeze karibu na dirisha. Zikikosa mwanga rangi inafifia na majani yanarefuka na kulegea.

Dirisha la mashariki ndilo bora, linapata jua la asubuhi lisilouma. La magharibi ni baya kwa nyumba zetu, jua la saa tisa huku halina huruma. Wengi huchanganywa na dirisha la kusini. Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Januari jua la mchana linapita kusini kwetu, na dirisha lililokuwa la kivuli Juni na Julai ghafla linaunguza. Ua halijaugua, jua limehama. Lisogeze hatua mbili ndani au ushushe pazia jepesi.

Kama unaishi Shangani au Mikindani karibu na maji, usiliweke kibarazani panapopigwa na upepo wa bahari. Chumvi inaganda kwenye majani, na majani ndiyo mdomo wake. Upepo ukishapiga, lioshe lote kwa maji ya mvua.

Hatua ya 5: Mwagilia kikombe, na uyabadilishe maji

Hatua hii naomba uisome mara mbili.

Jaza kikombe cha katikati mpaka robo tatu. Kwenye chungu mwagia tu pale makumbi ya juu yanapokauka kwa kidole. Kwangu ni mara moja kwa wiki kiangazi, na masika hata siku kumi zinapita. Sahani ya chini isikae na maji.

Bromelia yangu ya kwanza niliinywesha chungu kila asubuhi, kwa upendo kabisa, kama ninavyomwagilia mchicha. Kwa juu ilikuwa nzuri, majani yanang'aa. Siku moja nilishika jani la katikati kuondoa utando wa buibui, na moyo wote ukaja na mkono wangu bila kuvutwa. Kitako cha moyo huo, kilichokuwa cheupe, kilikuwa kahawia, laini, kinatoa harufu ya nanasi lililosahaulika kabatini. Mizizi ilikuwa imeshaoza zamani. Tangu siku hiyo naanza na kidole kwenye makumbi ndipo nishike maji.

Maji ya mvua ndiyo yanayoifaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo jaza madumu mapema. Mmea mmoja hautumii maji mengi, na madumu matano ya lita 20 yananivusha hadi mvua zijazo. Acha mvua za mwanzo zioshe bati kwanza ndipo ukinge, na ufunge mifuniko sawasawa. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na maji mazito ya visima vingine huacha chokaa nyeupe majani yakikauka. Ukikosa ya mvua kabisa, tumia ya bomba yaliyolala wazi ndooni usiku mmoja. Usihifadhi kwenye chombo cha shaba wala debe lenye kutu.

Sasa kuhusu mbu. Nasema hili kwa uzito, maana linahusu watoto wetu na majirani. Mbu wa mchana mwenye mabaka meupe miguuni, Aedes, anapenda kutaga kwenye maji machache yaliyotulia, na kikombe cha bromelia kinamfaa kabisa. Huyo ndiye anayeeneza dengue na chikungunya. Na chikungunya tunaijua: mlipuko ulioutambulisha ugonjwa huu duniani ulitokea hapa kwetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952 hadi 1953, na jina lake ni la Kimakonde, linalosema jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu. Kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo kila baada ya siku nne, inamisha chungu na kumwaga maji yote kwenye bakuli jeupe, suuza kikombe kwa maji mapya, kisha jaza upya.

Bakuli jeupe ni la kukuonyesha. Mara ya kwanza nilipofanya hivi baada ya kuchelewa siku tisa, niliona vijiti vyembamba kama vipande vya uzi mweusi vinajikunja na kupanda juu kupumua. Nilivihesabu mpaka kumi na saba nikaacha. Ukiviona, mwaga maji hayo kwenye ardhi kavu, yasiende kwenye mfereji. Usitie mafuta ya taa, mafuta ya kula wala dawa ya mbu kikombeni. Mafuta yanaziba majani na mmea unakufa. Ukisafiri zaidi ya siku nne bila mtu wa kukubadilishia, mwaga kikombe kikauke, ulowanishe makumbi tu. Itavumilia wiki mbili kivulini.

Hatua ya 6: Unyevu na upepo

Masika hewa yetu inatosha yenyewe. Kazi ipo miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa inapokauka, na kwenye vyumba vya kiyoyozi mwaka mzima. Nyunyizia majani asubuhi kwa maji ya mvua, na usiiweke mbele ya feni. Basi.

Hatua ya 7: Mbolea kidogo sana

Tumia mbolea ya kuyeyuka kwenye maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, na umwagie kwenye makumbi. Kikombeni chumvi za mbolea zinajikusanya na kuunguza majani machanga ya moyo. Yurea, hapana. Samadi mbichi, hapana. Ikiwa na ua, acha kabisa.

Hatua ya 8: Baada ya ua, usiitupe

Simu nyingi ninazopigiwa ni za hatua hii. Kila mmea wa bromelia huchanua mara moja tu katika maisha yake. Baada ya hapo mama anaanza kuchoka taratibu, miezi sita, wakati mwingine mwaka na zaidi, huku akitoa watoto ubavuni, kama mgomba. Kwa hiyo ukiona majani ya nje yanakauka baada ya ua, hujakosea chochote. Anayeitupa wakati huo anatupa watoto wawili au watatu ambao bado hajawaona.

Shada likishakuwa kahawia, likate kwa kisu kilichofutwa spiriti, chini uwezavyo bila kujeruhi majani. Endelea kumtunza mama vile vile, maana ndiye anayewalisha.

Mtoto usimtoe mpaka afikie angalau theluthi ya urefu wa mama, na bora nusu. Anayemkata akiwa na ukubwa wa kidole anampoteza. Akifika, toa mmea wote kwenye chungu, fuata mtoto mpaka anapoungana na mama, kata hapo kwa pigo moja ukimwachia kitako na mizizi yoyote aliyonayo. Paka unga wa mkaa kwenye kidonda pande zote mbili, mwache kivulini siku nzima kikauke, kisha panda kama hatua ya 3. Asipokuwa na mizizi bado atakua, mradi kikombe chake kidogo kina maji na hatikisiki.

Guzmania wakati mwingine hutoa mtoto katikati ya majani, mahali ambapo kisu hakifiki bila kuharibu. Huyo mwache. Punguza majani ya mama yaliyokauka moja moja, na mtoto atachukua nafasi yake hapo hapo.

Hatua ya 9: Ikikataa kuchanua

Mtoto huchukua mwaka mmoja mpaka mitatu kukomaa. Akishakuwa mkubwa kama mama alivyokuwa na bado kimya, kwanza mwongezee mwanga, subiri miezi miwili. Kisha tumia tunda bivu. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoiamsha familia nzima ya nanasi ichanue. Wengine hutumia epo; huku kwetu ndizi mbivu zinatosha.

Mwaga maji yote ya kikombeni. Weka ndizi mbili zilizoiva sana juu ya makumbi, pembeni, zisiguse majani. Funika chungu chote kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, funga chini, weka kivulini siku saba hadi kumi. Nimesema kivulini: mfuko ukipigwa na jua la Mtwara unapika kilichomo. Ukifungua, rudishia maji na usubiri, kati ya wiki sita na miezi mitatu na zaidi kidogo. Mche mdogo usiulazimishe. Utatoa shada dogo, na nguvu ya kulea watoto hautakuwa nayo.

Dawa ambazo hazifai

Dawa za ukungu zenye shaba, ambazo maduka ya pembejeo huziuza sana, ni sumu kwa bromelia hata kwa kipimo kidogo. Salfa ya mikorosho nayo iache shambani. Kama unaishi Tandahimba au Newala na vumbi la kupulizia linafika dirishani, mwaga kikombe na usuuze majani siku hiyo hiyo. Dawa za kung'arisha majani pia usinunue. Kitambaa chenye maji ya mvua kinatosha.

Matatizo ninayoulizwa sana

*Ncha za majani zimekauka na kuwa kahawia.* Hewa kavu au maji ya chumvi. Badilisha maji kwanza. Ncha unaweza kuipunguza kwa mkasi, ila acha mstari mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani kunakauka tena.

*Madoa makavu meupe au ya kahawia katikati ya jani.* Jua limeliunguza. Doa halitapona, lakini halitaenea ukihamisha chungu.

*Majani yamejikunja kwa urefu kama bomba.* Kiu. Jaza kikombe na uzamishe chungu ndooni nusu saa, kisha kichuruzike.

*Vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani.* Vidung'ata. Vifute na pamba yenye spiriti kimoja kimoja, rudia kila wiki kwa mwezi mzima. Ukiona pia sisimizi wanapanda, wazuie, maana ndio wanaovilinda. Vipele vya kahawia vilivyoganda ni wadudu gamba. Vikwangue kwa ukucha, ufute vivyo hivyo.

*Kikombe kinanuka.* Mwaga, suuza mara tatu, toa majani na wadudu waliooza ndani, kisha uache kikavu siku mbili kabla ya kujaza tena. Vuta jani la katikati taratibu. Likishika, mmea utapona.

*Moyo umeng'oka lakini majani ya nje bado ni ya kijani.* Usikate tamaa nao. Toa kila kilicholainika, paka unga wa mkaa, usiweke maji katikati tena, na ulowanishe makumbi kidogo tu. Kitako kikiwa bado kigumu, mara nyingi hutoa mtoto ubavuni ndani ya miezi michache. Wa kwangu wa kwanza, yule aliyebaki mkononi, alitoa mmoja, na huyo ndiye mama wa hili jekundu la dirishani.